Ishirini na Nne: Mhadhara wa Namba Moja

Nimepewa saa nzima, na nimeamua kuimaliza kwa namba moja tu, 24.

Tuanze na kazi kidogo. Toeni simu, fungueni kikokotoo. Andikeni 1961, mwaka Tanganyika ilipopata uhuru. Izidisheni kwa yenyewe, mtapata 3,845,521. Toeni 1, kisha gawanyeni kwa 24. Jibu ni 160,230 kamili, bila baki. Haya, sasa 1963, uhuru wa Kenya. Mraba wake ni 3,853,369. Toeni 1, gawanyeni kwa 24, mnapata 160,557, kamili tena. Waganda mlioko ukumbini mnisamehe, 1962 inagoma: ukishatoa 1 na kugawanya, inabaki 11. Na 1964 ya Mapinduzi ya Zanzibar inagoma vilevile.

Nawajua watu ambao wangeishia hapo, wakarekodi sauti ya dakika tano na kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp: siri ya 24 katika historia ya Afrika Mashariki. Tabia hiyo ndiyo ninayotaka tupambane nayo leo. Namba ikifanya jambo la kushangaza, inadaiwa sababu. Mara nyingine sababu ni ya mistari mitatu. Mara nyingine imewachukua mabingwa miongo kadhaa. Na mara chache sababu haipo, ni sadfa tupu, na mtu wa hesabu anatakiwa kuwa na ujasiri wa kusema hivyo.

Sababu ya 1961 ni ya mistari mitatu. Ukitoa 1 kwenye mraba wa 1961, unachopata ni 1960 mara 1962, yaani majirani zake wawili wakizidishwa. Kwa kuwa 1961 ni witiri, majirani wote wawili ni shufwa, tena ni shufwa zinazofuatana. Kwenye shufwa mbili zinazofuatana lazima moja igawanyike kwa 4, basi zao lao linagawanyika kwa 8. Halafu 1960, 1961 na 1962 ni namba tatu mfululizo, na kwenye tatu mfululizo moja lazima igawanyike kwa 3. Ya katikati haigawanyiki, kwa hiyo ni mojawapo ya majirani. Hapa ni 1962. Tuna 8, tuna 3, na namba hizi mbili hazina kigawo cha pamoja. Nane mara tatu, ishirini na nne.

Kwa hiyo uhuru hauhusiki. Namba yoyote witiri isiyogawanyika kwa 3 itakutii. Ndiyo maana namba tasa zote kuanzia 5 zinafanya hivyo: 5 mara 5 ni 25, 7 mara 7 ni 49 ambayo ni 48 na 1, 11 mara 11 ni 121 ambayo ni 120 na 1. Wala si lazima iwe tasa. Hiyo 1961 yenyewe ni 37 mara 53, na 1963 ni 13 mara 151. Kinachotakiwa ni kwamba namba isiwe na kigawo cha pamoja na 24 zaidi ya 1. Kwa leo nitaziita namba za namna hiyo namba huru kwa 24. Chini ya 24 ziko nane: 1, 5, 7, 11, 13, 17, 19 na 23. Kila moja ukiizidisha kwa yenyewe na kugawanya kwa 24, inabaki 1.

Mwanafunzi makini atauliza: hilo ni la 24 peke yake? Jibu ni kwamba wadogo zake, yaani vigawo vyake 2, 3, 4, 6, 8 na 12, nao wanalo, lakini hakuna namba kubwa kuliko 24 yenye sifa hiyo. Hakuna kabisa, hata ukitafuta mpaka kwenye mabilioni. Thibitisho lake nalipenda kwa sababu linatosha nyuma ya tiketi ya daladala. Chukua namba yoyote unayodai ina sifa hiyo. Kama haigawanyiki kwa 5, basi 5 ni huru kwake, na mraba wa 5, yaani 25, lazima ubakishe 1. Maana yake namba yako inagawanya 24 kamili, basi haiwezi kuizidi. Kama inagawanyika kwa 5, nitakutafutia namba huru kwake ambayo ikigawanywa kwa 5 inabakisha 2. Kwa 30, kwa mfano, nitachukua 7, na namba ya aina hiyo haikosekani kamwe. Mraba wake ukigawanywa kwa 5 utabakisha 4, na cha kubakisha 4 kwa 5 hakiwezi kubakisha 1 kwa kigawe cha 5. Dai lako limeanguka. Shughuli imeishia 24.

Sasa niwaonyeshe kitu ambacho kimejificha nyuma ya sifa hiyo, kwa sababu vitabu vya shule vinakiruka. Chukueni 95. Imepungua moja tu kufikia 96, ambayo ni 24 mara 4. Orodhesheni vigawo vyake vyote: 1, 5, 19, 95. Vijumlisheni: 120, kigawe cha 24. Chukueni 119, pungufu ya 120 kwa moja. Vigawo ni 1, 7, 17 na 119, jumla 144. Chukueni 143: 1, 11, 13, 143, jumla 168, ambayo ni 24 mara 7. Itakuwa hivyo kwa kila namba iliyopungua moja kufikia kigawe cha 24, bila ubaguzi.

Kwa nini? Vigawo huja wawiliwawili. Kwenye 95 kuna 5 na 19, ambazo zikizidishwa zinapungukiwa 1 kufikia kigawe cha 24. Zidisha hesabu hiyo yote kwa 5 tena. Upande mmoja una 5 mara 5 mara 19, na kwa kuwa 5 mara 5 inabakisha 1, upande huo umesalia na 19. Upande wa pili ulikuwa umepungukiwa 1, sasa umepungukiwa 5. Basi 19 ni pungufu ya 5 kufikia kigawe cha 24, na 5 ikiongezwa 19 lazima itoe kigawe cha 24. Kila jozi inafanya hivyo. Na je, kigawo kinaweza kukosa mwenzake, kama 7 ndani ya 49? Hapa hakiwezi, kwa sababu mraba wa namba huru hubakisha 1, na namba zetu zinabakisha 23. Hakuna anayebaki peke yake.

Nimekaa sana hapo kwa makusudi. Tukitoka kwenye namba tupu kwenda kwa watu, mambo yanabadilika: hapo sababu si lazima iwe thibitisho, inaweza kuwa uamuzi wa mtu aliyehitaji kugawana kitu bila ugomvi.

Ishirini na nne ina vigawo vinane. Hakuna namba ndogo kuliko yenyewe inayofikisha vinane. 12, 18 na 20 zina sita kila moja. Ili uvuke vinane inabidi upande mpaka 36. Srinivasa Ramanujan, yule kijana wa kusini mwa India aliyekwenda Cambridge, aliandika makala ndefu juu ya namba za aina hii mwaka 1915. Tena 24 ndiyo namba kubwa kuliko zote inayogawanyika kwa kila namba isiyozidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo chake hakifiki 5, na yenyewe inagawanyika kwa 1, 2, 3 na 4. Ukitaka kubwa zaidi, kuanzia 25, itabidi igawanyike pia kwa 5, hivyo iwe angalau 60. Ikifika 60 kipeuo kimepita 7, basi itabidi igawanyike kwa 7, iwe angalau 420. Hapo kipeuo kimepita 20, na madai yanaongezeka kila unapopiga hatua. Haiwezi kuyakimbia.

Mtu anayegawa kitu anataka namba ya namna hiyo. Ndiyo maana daktari anayeandika kidonge kimoja kutwa mara tatu hukufanya umeze saa zilezile kila siku: 8 inagawa 24. Kutwa mara nne ni kila baada ya saa 6, nayo inagawa. Hebu fikirieni dawa ya kila baada ya saa 5. Ukianza saa 1 asubuhi, utameza saa 6 mchana, saa 11 jioni, saa 4 usiku, saa 9 usiku wa manane, halafu saa 2 asubuhi, na hutarudi saa 1 asubuhi mpaka siku ya tano iishe, baada ya kupita kila saa ya mchana na ya usiku mara moja moja. Hiyo ni tabia ya namba huru, na mgonjwa haitaki. Wamisri wa kale walikata mchana sehemu 12 na usiku sehemu 12, wanajimu wa Kigiriki wakazifanya saa 24 zilizo sawa, na sisi wa pwani tumebaki tukianza kuhesabu jua linapochomoza, jambo ambalo mimi naliona lina akili zaidi. Dhahabu safi nayo ina karati 24: ya karati 18 ni robo tatu dhahabu, ndiyo maana hugongwa muhuri wa 750, na ya 21 wanayoipenda watu wa Ghuba ni 875 katika 1,000. Sarafu ya dhahabu ya Kirumi, solidus, ilihesabiwa kuwa na mbegu 24 za mti wa karubu. Misri mpaka leo fedani moja ya shamba ni kirati 24. Herufi za Kigiriki nazo ni 24. Hapo msinitafutie sababu, ni sadfa.

Lakini mahali ambapo 24 imefanya kazi nzito kuliko pote kwa watu wetu ni kwenye mirathi. Kuna wazee humu wanaoijua faraidhi kuliko mimi, nao watanisahihisha.

Surat an-Nisaa inataja mafungu sita: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi moja na sudusi. Mtu wa hesabu akiyatazama anaona asili za sehemu: 2, 4, 8, 3, 6. Kigawe kidogo cha shirika cha hizo zote ni 24. Kwa hiyo warithi wowote wenye mafungu hayo, hata wakikusanyika vipi, mali ikikatwa vipande 24 kila fungu litakuwa la vipande vizima. Mara nyingi hata 24 haihitajiki. Wanazuoni walitaja asili saba za mas'ala, yaani 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24, na hiyo ya mwisho inakuja thumuni ya mke inapokutana na theluthi mbili au sudusi.

Amefariki mtu, ameacha mke, mabinti wawili na mama. Mke thumuni, vipande 3. Mabinti theluthi mbili, vipande 16. Mama sudusi, vipande 4. Jumla 23, kinabaki kipande kimoja, na sheria ina utaratibu wa anayekichukua. Hesabu safi.

Sasa badilisheni kidogo: ameacha mke, mabinti wawili, mama na baba. Tuseme baada ya mazishi, madeni na wasia, zimebaki fedha taslimu shilingi milioni 54. Mke vipande 3, mabinti 16, mama 4, baba 4. Jumlisheni. Ni 27. Mali ina vipande 24, warithi wanadai 27. Kwa fedha: mke milioni 6.75, mabinti milioni 36, mama 9, baba 9. Jumla milioni 60.75, na sanduku lina 54.

Tazameni kwa makini upungufu umetoka wapi. Mabinti na wazazi peke yao, 16 na 4 na 4, wameshamaliza 24. Fungu la mke lote zima ndilo lililozidi. Hata hivyo mke hawezi kuambiwa aondoke mikono mitupu, maana fungu lake limetajwa kama yalivyotajwa ya wengine.

Inasimuliwa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa swali hilihili akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo, bila kukatiza hotuba yake, kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui, sehemu moja ya tisa. Kwa sababu hiyo mas'ala haya yanaitwa Minbariyya. Jibu lake ndilo hesabu tuliyofanya: acheni 24, kateni mali vipande 27. Kila kipande kinakuwa milioni 2. Mke anapata milioni 6, mabinti 32, mama 8, baba 8; jumla 54 kamili. Kila mmoja amepoteza moja ya tisa ya alichokitarajia, si zaidi na si pungufu. Njia hii inaitwa awli, na kwa masuni ndiyo inayofuatwa. Wengi wa wanazuoni wao wanasema asili ya 24 hupanda hadi 27 tu, haiendi pengine. Mashia wa Jaafari hawaikubali. Kwao mke anabaki na milioni 6.75, wazazi 9 kila mmoja, na upungufu wote unawaangukia mabinti, wanaopata 29.25, yaani vipande 13 badala ya 16.

Hesabu haiwezi kuamua kati ya madhehebu hayo mawili, na mimi sitajaribu. Inachoweza kusema ni kwamba mafungu hayo yakijumlishwa yanatoa moja na thumuni, na hakuna asili, iwe 24, 48 au milioni moja, itakayoifanya jumla hiyo iwe moja. Kuanzia hapo uamuzi ni wa fiqhi.

Turudi kwenye namba tupu. Mmeona wauza machungwa wanavyopanga: safu ya chini ya mraba, juu yake mraba mdogo zaidi, hadi chungwa moja kileleni. Mwaka 1875 Mfaransa Édouard Lucas aliuliza swali la aina hiyo akitumia risasi za mizinga, ambazo zilikuwa zikirundikwa vilevile. Je, kuna rundo ambalo ukilibomoa na kuzitandaza risasi zote chini, zinatoa mraba kamili? Rundo la moja tu linatoa, lakini hilo ni mzaha. Jingine ni la safu 24. Chini kuna 576, juu yake 529, hivyo hivyo hadi 1. Jumla ni 4,900, nayo ni 70 mara 70.

Kanuni ya jumla ya miraba mnaikumbuka: idadi ya safu, mara idadi hiyo ukiongeza 1, mara maradufu yake ukiongeza 1, yote gawanya kwa 6. Hapa ni 24 mara 25 mara 49, gawanya kwa 6. Ishirini na nne kwa 6 ni 4. Zimebaki 4, 25 na 49, zote miraba kamili. Zao la miraba ni mraba. Na hizo 25 na 49 tumeshakutana nazo: ni miraba ya 5 na 7, namba mbili za kwanza baada ya 1 zinazotii sheria ya 24, kila moja na ile 1 yake inayobaki. Kwamba 24 inafanya kazi, mtoto wa sekondari anaweza kuhakikisha. Kwamba hakuna rundo jingine lolote, hata la safu bilioni, hilo lilimngoja G. N. Watson wa Uingereza hadi 1918, tena kwa zana nzito. Miongo mingi baadaye ndipo zikapatikana njia za hesabu ya kawaida.

Nilidhani kwa muda mrefu kwamba 4,900 ni kichekesho kizuri kisicho na jamaa. Kina jamaa, tena wakubwa.

Mwaka 1949 Marcel Golay alitoa makala fupi mno, isiyofika hata kurasa mbili, juu ya namna ya kutuma ujumbe unaojirekebisha. Unachukua tarakimu 12 za sifuri na moja, unaziongezea 12 za ulinzi, zinakuwa 24. Maneno yanayowezekana ni 4,096, na yamechaguliwa kwa ustadi kiasi kwamba maneno mawili yoyote yanatofautiana angalau kwenye nafasi 8. Tuseme njiani kelele zimeharibu tarakimu 3. Neno lililofika liko umbali wa 3 kutoka neno la kweli, na angalau 5 kutoka jingine lolote, basi mpokeaji analijua lililokusudiwa. Vyombo vya Voyager vya Marekani vilitumia utaratibu huu kuleta picha za rangi za sayari za Mshtarii na Zohali kati ya 1979 na 1981.

Mwaka 1967 John Leech alichapisha mpangilio wa matufe katika anga ya vipimo 24. Msiogope vipimo. Kwenye meza, sarafu moja inazungukwa na 6 zinazoigusa. Kwenye anga yetu, tufe moja linaguswa na 12 zinazolingana nalo. Newton na David Gregory walibishana mwaka 1694 kama 13 linaweza kuingia, na thibitisho kwamba haliingii lilitoka 1953. Vipimo 24 maana yake ni kwamba kila mahali panaelezwa kwa orodha ya namba 24 badala ya 3. Huhitaji kupaona, unahitaji kuhesabu. Kwenye mpangilio wa Leech kila tufe linaguswa na 196,560. Namba hiyo inatoka moja kwa moja kwa Golay. Maneno yake yenye moja nane ni 759. Kila moja linatoa matufe 128, jumla 97,152. Maneno yote 4,096 mara nafasi 24 yanatoa 98,304. Jozi za nafasi, 276 kwa idadi, kila moja inatoa matufe 4, jumla 1,104. Jumlisheni hizo tatu.

Na 4,900? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 John Conway alionyesha kwamba ukichukua orodha ya 0, 1, 2, 3 hadi 24, ukamalizia na 70, orodha hiyo inakupa mpangilio wa Leech katika anga yenye vipimo 26, ambamo mraba wa namba ya mwisho hutolewa badala ya kuongezwa. Inafanya kazi kwa sababu miraba ya 1 hadi 24 ukiitoa mraba wa 70 inabaki sifuri. Swali la risasi za mizinga liliketi miaka zaidi ya mia likingoja kazi.

Machi 2016 Maryna Viazovska wa Ukraine alithibitisha mpangilio unaobana matufe kuliko yote katika vipimo 8, na wiki moja baadaye, akiwa na Cohn, Kumar, Miller na Radchenko, wakathibitisha kwamba katika vipimo 24 hakuna unaomshinda Leech. Mwaka 2022 alipewa Medali ya Fields, mwanamke wa pili kuipata. Miongoni mwa zana walizotumia ni fomula aliyoichunguza Ramanujan mwaka 1916, zao la mabano yasiyo na mwisho, kila bano likiwa limepandishwa kwenye kipeo cha 24.

Nimalizie na vipimo 4, maana hapa mnaweza kuhesabu wenyewe kwenye karatasi. Andikeni orodha za namba nne ambamo nafasi mbili ni sifuri na mbili ni 1 au hasi 1. Kuchagua nafasi mbili kati ya nne kuna njia 6, na alama zina njia 4. Orodha ni 24. Hayo ni matufe 24 yanayogusa moja la katikati bila kubanana, na Oleg Musin alionyesha, katika kazi aliyoitangaza 2003 na kuichapisha 2008, kwamba la 25 haliingii. Kati ya mipangilio inayojirudia kwa utaratibu kama safu za minazi, Korkin na Zolotarev wa Urusi walishathibitisha katika karne ya 19 kwamba huu ndio unaobana kuliko wenzake. Kwa mipangilio yote, ya utaratibu na ya ovyo, vipimo 8 vimekwisha, 24 vimekwisha, na vya 4 hakuna aliyevithibitisha bado. Karatasi zenye hizo orodha 24 ziko mlangoni, mchukue mnapotoka.